Kidole cha Baba Kwenye Santuri

Ijumaa, 26 Desemba

Maji yamenifika shingoni. Dada kapiga simu. Kasema sikukuu ya mwaka mpya ikiisha, yeye na shemeji watamchukua mama akaishi kwao, na nyumba hii itapangishwa. Mama kajibu kwamba tutaona. Nikamuuliza dada mimi je, ninayeishi hapa? Akanijibu kwamba mimi ni mtu mzima. Mtu mzima! Kana kwamba mtu mzima hahitaji kuulizwa jioni kama amekula.

Sioni nyumba hii bila mama. Nikijaribu kuiona, naona kuta na sufuria tupu.

Baada ya chai, wazo! Santuri ya baba. Ile ya okestra, yenye fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Kila mwaka mpya baba aliipiga tangu asubuhi mpaka chakula kiive. Tangu tumzike haijaguswa. Nitaipiga siku ya sikukuu. Mama atamkumbuka mumewe, atalia, ataishika mihimili ya nyumba kwa mikono yote miwili na kukataa kuondoka.

Hakuna mwingine katika ukoo huu ambaye angeliwaza hili.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimeitoa gramafoni chini ya kitanda cha mama alipokwenda sokoni. Vumbi! Nimepiga chafya mpaka nikajigonga kichwa. Nikaweka santuri. Aibu tupu. Sahani inazunguka kwa kuburuta miguu, fidla zinalia kama ng'ombe mgonjwa.

Mbio kwa fundi redio. Kafungua, kanionyesha mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Umelegea, kasema, na umelegea miaka mingi. Kaniuliza marehemu alikuwa akiusikilizaje muziki kwenye chombo hiki. Nikamwambia baba aliupenda mno, hakubanduka pale, alikaa kwenye kigoda muda wote mkono wake ukiwa juu ya mashine. Fundi kakuna kidevu. Kashauri nimuulize mama kabla hajabadilisha kitu. Nikamwambia hii ni siri. Mafundi wana tabia ya kujitia ushauri.

Kaweka mkanda mpya. Ule wa zamani kanikabidhi mkononi, kaniomba niutunze. Nimeufungia kwenye begi langu, lile lililokatika zipu. Umekaa vizuri sana.

Jumatatu, 29 Desemba

Wamefika. Shemeji kaingia na spika kubwa kama jokofu. Tunamwita Injinia, ingawa anauza vigae. Kajipiga kifua, kasema ana muziki wote wa dunia kwenye simu yake, na kwamba mama akihamia kwao atasikiliza atakacho. Dada katabasamu. Mama kaitazama spika, kauliza itakula umeme kiasi gani.

Sikustahimili. Walipokwenda kuoga nikalikokota lile jokofu mpaka jikoni, nikalificha nyuma ya gunia la mkaa. Shemeji kalikuta. Kanishukuru! Kasema hakika jikoni ndiko mahali pake, mama apike huku anaburudika. Kaliwasha hapo hapo. Nimeuma meno mpaka taya linaniuma.

Baadaye kidogo mama kalizima. Kasema linamfanya ashindwe kusikia kama mafuta yameshika moto. Nimekula sahani ya pili kwa furaha.

Jumatano, 31 Desemba

Mazoezi. Nimejifungia chumbani na gramafoni, nimeweka mto mlangoni, nimeteremsha sauti. Ah! Muziki umenyooka. Kila chombo kinasikika mahali pake. Baba maskini, kumbe hakuwahi kuusikia hivi!

Nimeandaa na hotuba fupi. Nikiisoma mbele ya kioo nalia mwenyewe. Sikukuu ikiisha shemeji atarudi kwake na spika yake, na kiti cha mama garini kitakuwa kitupu.

Alhamisi, 1 Januari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mama alikuwa jikoni na dada. Nikamvuta mkono, nikamketisha sebuleni kwenye kiti cha baba, aproni ikiwa bado kiunoni. Nikasoma hotuba. Nikashusha sindano. Muziki ukatoka safi, umesimama wima. Mama akasikiliza mikono ikiwa magotini. Kisha akauliza kwa adabu, kama anavyouliza wageni, huu ni muziki wa nani.

Nikasema wa baba. Akasema hapana, mwanangu, huu siujui. Nikamwonyesha santuri yenyewe, na ukingo wake uliomegeka. Akatikisa kichwa. Wa baba yenu, akasema, ulikuwa ukiyumba.

Ndipo alipotueleza. Mashine ilikuwa mbovu tangu siku iliponunuliwa. Baba hakukaa pale kwa mapenzi ya muziki. Alikuwa akiisukuma sahani kwa kidole, taratibu, saa zote ambazo mama alikuwa jikoni. Kupika hakujua, kuosha vyombo alivunja, na neno la asante lilimkwama kooni tangu ujana. Kwa hiyo alimsukumia muziki. Akichoka kidole, sauti ilizama. Mama akacheka jikoni. Baba akamsikia, akasukuma tena. Mama akasema hivyo ndivyo walivyozungumza kila sikukuu.

Dada akaangua kilio. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Na nani aliyeuliza mkanda wa zamani uko wapi? Shemeji! Nikaenda kuutoa kwenye begi, nguo zangu zikamwagika ukumbini mbele ya watu. Injinia akaurudisha mahali pake bila maringo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikakalia kigoda. Nikaweka kidole pale pa baba, ubao umelika kidogo ubavuni mwa mashine, mkono unajua mahali pake. Mama akarudi jikoni, akasema huku hausikiki vizuri. Nikasukuma. Fidla ikapanda, ikayumba, kidole kikateleza, ikazama. Jikoni mama akacheka. Halafu nikamsikia analia, na mimi nikalia, nikasukuma tena.

Alitokea mlangoni macho mekundu. Akanishukuru. Akamwambia dada kwamba kama nyumba hii bado ina mtu wa kukaa kwenye kigoda kile, yeye hataki kwenda popote.

Nimeshinda! Ila chakula kilipoiva nilikuwa bado nasukuma, na paja la kuku kalila shemeji.

Ijumaa, 2 Januari

Mama kaomba tena, wakati wa kupika. Nimesukuma. Kidole kimechubuka. Mgongo unalia. Kigoda hakina huruma na mtu wa umri wangu. Na jikoni harufu ya vitunguu, na shemeji anaonjeshwa kila sufuria!

Kufika mchana nikawaza. Mama yuko jikoni, hanioni. Mkanda mpya ninao mfukoni. Haja ya mateso iko wapi? Nikaubadilisha haraka haraka, nikashusha sindano, nikanyata kwenda kujilaza kidogo.

Sikupata hata usingizi. Muziki ulikuwa umenyooka kama rula. Nilisikia mwiko ukiwekwa mezani. Nikatoka mbio. Mama alikuwa amesimama sebuleni, anakitazama kigoda kitupu. Nilitegemea kelele. Angenigombeza ningepona. Aliinua sindano polepole, akaniuliza kama nimekula, akaingia chumbani kwake. Nilichungulia mlangoni. Alikuwa akikunja nguo.

Jumapili, 4 Januari

Wameondoka. Dada kashika usukani, mama kakaa mbele, shemeji nyuma na gramafoni mapajani, kaikumbatia kama mtoto mchanga. Santuri dada kailaza kwenye kiti cha nyuma. Mkanda wa zamani umo kwenye mkoba wa mama, nilimwona akiuweka karibu na miwani. Shemeji kaniomba nimwonyeshe baba alikuwa anasukuma kwa kidole kipi. Nimemwonyesha. Ningefanya nini?

Mama kaniambia chakula kimo kwenye sufuria, nisisahau kukipasha. Kanishika shavu. Spika shemeji kaniachia mimi. Mpangaji anakuja mwisho wa mwezi.

Nimekaa sebuleni. Nyumba imenyamaza mpaka nalisikia bomba likidondosha. Nimelia, sifichi. Sufuria sijalifunua. Nani ataniuliza?

Lakini lazima mtu ajitathmini. Nimefikiri kwa kina, nimeona kosa lilipokuwa. Kosa ni la fundi. Mkanda wake ulikuwa mzuri kupita kiasi. Kinachotakiwa ni mota ndogo ya feni, iwekewe kidole cha mpira, kisukume sahani, kipumzike, kisukume tena. Mama awe jikoni kwa dada, asikie muziki ukiyumba sawasawa, acheke, na hakuna mtu anayeumia mgongo. Sikukuu ijayo nitampelekea. Akiisikia tu atarudi nami.

Nimempigia fundi simu. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kaniuliza, hicho kidole cha mpira kikiwa kinasukuma, mimi mwenyewe nitakuwa na kazi gani.

Swali la ajabu. Nitakuwa nimejilaza.