Wiki ya Mabawa ya Shaba

Jumamosi, 6 Juni

Ukumbi umefurika. *Mabawa ya Shaba* ilianza kuonyeshwa jana na foleni inazunguka jengo, inapita duka la dawa, inapotelea nyuma ya kituo cha mafuta. Watu wazima wenye ndevu wamevaa mabawa ya karatasi. Meneja anatembea kama aliyeigiza ni yeye. Anasema tangu sinema hii ijengwe haijawahi kujaa hivi, na kwamba filamu imevunja rekodi kila mahali. Mimi niko mlangoni, nachana tiketi. Vidole vimeota malengelenge.

Tatizo ni hili. Mwezi uliopita nilimwahidi binti yangu, Chiriku, kwamba siku za mwanzo kabisa tutakaa yeye na mimi, safu ya katikati. Nilimwambia baba yake ana sauti katika ukumbi huu. Tiketi sikununua. Nilitegemea sauti. Leo nimemgusia meneja. Akasema nikiona kiti kitupu nimwambie haraka, maana hata shemeji yake amekosa.

Chiriku anakaa kwa mama yake na baba wa kambo, ambaye namwita Bwana Bima kwa sababu ya kazi yake. Kesho nimesema nitamfuata saa nane. Nina mpango. Viti havina majina, anayewahi ndiye anayekaa. Nitabandika karatasi kwenye viti viwili: KIBOVU. Hakuna atakayevigusa.

Jumapili, 7 Juni

Karatasi zilikaa vizuri mno. Fundi seremala wa ukumbi, mtu ambaye mlango wa choo umemshinda tangu mwaka jana, leo aliamua kuchapa kazi. Akaziona, akafungua viti vyangu bolti kwa bolti, akaenda navyo karakana. Nilimkuta ameshabandua vitambaa. Akasema vilikuwa vizima kabisa, anashangaa ni nani aliyeandika. Nikashangaa naye.

Nikapiga simu. Alipokea mama yake. Hakupandisha sauti. Siku hizi hanipandishii, na hilo ndilo linaloniuma. Akasema nisiwe naahidi, mtoto yuko sebuleni amevaa viatu tangu asubuhi. Kisha akampa simu. Chiriku, ambaye zamani nilikuwa namwomba anyamaze nimeze chakula, alisema, "Sawa, baba." Nikangoja maneno mengine. Mwishowe akaeleza kwamba Bwana Bima alitaka kununua tiketi siku nyingi, ila yeye alimwambia asubiri, anaenda na baba kwanza. Sasa watakuja Jumamosi.

Nilikaa kwenye ngazi za stoo mpaka watu wa foleni wakaanza kuniita.

Jumanne, 9 Juni

Mambo yamegeuka. Wasambazaji wa filamu walileta vazi zima la shujaa: barakoa, kifua cha plastiki chenye misuli, na mabawa mawili ya plaiwudi yaliyopakwa rangi ya shaba. Mwigizaji aliyekodiwa kulivaa, ili watu wapige naye picha mlangoni, ameteguka mgongo. Meneja akauliza nani anaweza kumshikia nafasi. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Tiketi atachana mlinzi.

Mpango: Jumamosi Chiriku atafika. Atamkimbilia shujaa. Mbele ya foleni nzima nitavua barakoa. Kumbe ni baba! Watu watapiga makofi. Bwana Bima atabaki ameshika mikoba.

Mama Bisi, anayeuza bisi mkabala na mlango, alinisikiliza akacheka mpaka sufuria nzima ikamuungulia. Kisha akaniuliza kwa nini nisimwendee tu mtoto nikamwomba radhi. Nikamwambia hiyo ni njia ya watu wasio na ubunifu.

Alhamisi, 11 Juni

Mabawa hayapiti mlangoni. Inabidi niende kiubavu kama kaa. Ndani ya barakoa ni joto la tanuri, na tundu za macho ziko juu mno. Walio mbali nawaona vizuri, ila mtoto akinikaribia namsikia tu.

Lakini watu wanapanga foleni kwa ajili yangu. Najua ni kwa ajili ya vazi. Hata hivyo. Bibi mmoja alinishika mkono akanishukuru kwa kuliokoa lile daraja la kwenye filamu. Nikamwambia asijali. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunishukuru. Meneja, ambaye huwa ananiita "wewe wa mlangoni", leo ameniletea maji kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Bisi tena. Huku akijaza mifuko alisema baba yake pia alikuwa mtu wa kuwashtukiza kwa zawadi. Yeye na dada yake walikuwa wakimngoja dirishani, na hawakuwa wakingoja zawadi. Nikamjibu kwamba hayo hayafanani na yangu. Akanisogezea mfuko wa bisi wa bure, jambo ambalo halijawahi kutokea, nikajua amenihurumia. Nilikula zote.

Jumamosi, 13 Juni

Walikuja onyesho la saa kumi. Niliwaona tangu kule duka la dawa. Bwana Bima amepiga pasi mpaka soksi. Amembebea Chiriku sweta, na kamba ya kiatu ilipomfunguka aliinama akaifunga bila kuombwa, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Chiriku alikuwa anaongea. Mikono ilikuwa inaruka huku na huku, kama zamani.

Akaja kwangu peke yake. Nikashika ukingo wa barakoa. Kabla sijaivuta, nikasikia kisauti chini ya kidevu changu.

"Samahani, anko. Unamjua baba yangu? Ndiye anayechana tiketi hapa. Leo simwoni. Tumemnunulia na yeye kiti, akae na mimi."

Kumbe alimwomba Bwana Bima, na Bwana Bima akanunua. Ningevua pale pale, mambo yangekwisha. Lakini kichwa changu kikafanya kazi. Hapa mlangoni wataona wangapi? Wakati wa mapumziko, taa zikiwaka, ukumbi mzima unatazama, shujaa mwenyewe ashuke ngazi, avue barakoa, akae kwenye kile kiti! Hiyo mtoto hataisahau. Nikatikisa kichwa: hapana, simjui.

Akasema ahsante. Akaingia.

Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Watu walikaa mpaka kwenye ngazi. Katika ukumbi mzima kiti kitupu kilikuwa kimoja tu, safu ya katikati, juu yake sweta. Kila aliyekuja kukiomba, Chiriku aliweka kiganja juu ya sweta. Niliona midomo tu. Ilisema: kina mtu.

Mapumziko yakafika. Niliingia kiubavu. Bawa la kushoto likapita, la kulia likanasa kwenye fremu. Foleni ya choo ikanikuta hapo, simu juu, kila mtu anataka picha. Nikaita jina lake. Kutoka ndani ya barakoa sauti ilitoka kama ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Wakashangilia. Taa zikazimwa. Seremala alikuja na msumeno kunikwamua, na safari hii hakuwa na haraka.

Walipotoka nilikuwa stoo, bado navuliwa kifua. Mama Bisi anasema mtoto alisimama mlangoni akapaangalia mahali ninaposimama siku zote. Bwana Bima hakumharakisha. Alisimama naye.

Jumapili, 14 Juni

Nilipiga moyo konde nikapiga simu kusema kweli. Chiriku akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa na kikao na meneja. Sijui hicho kikao kilitoka wapi.

Akasema si kitu, kazi ni kazi. Halafu akasema, "Nilimuuliza hata yule mwenye mabawa. Akasema hakujui."

Nikamwambia yule ni mtu wa kukodi, hajui watu wa pale. Nikamuuliza kama filamu ilikuwa nzuri, maana kila mtu anaisifu. Akasema hakuiona vizuri. Alikuwa anaangalia mlango.

Mama yake akachukua simu. Hakunilaumu. Akasema nije Jumamosi mchana, nyumbani. Nisilete kitu. Nisipange kitu. Nikae tu na mtoto sebuleni, ameng'oka jino na anataka kunionyesha pengo. Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nililia, na si kidogo.

Jumanne, 16 Juni

Habari njema. Filamu imeongezewa muda. Watu bado wanajaa, meneja ameshona suti. Na mimi nimepata jambo kubwa kuliko yote.

Fundi wa mitambo, anayeendesha projekta, amekubali. Kabla ya filamu kuanza, badala ya tangazo la sabuni, nitatokea mimi kwenye skrini, uso mkubwa kama nyumba, nikisema: Chiriku, mwanangu, nisamehe. Halaiki yote ishuhudie. Mama yake anasema mtoto hataki tena kusikia habari za sinema, lakini ni hasira tu, zitapita. Nitawatafutia tiketi. Safari hii nina mtu ndani. Video tutairekodi Jumamosi mchana, ndiyo nafasi pekee aliyonayo fundi.

Nilipomweleza Mama Bisi hakucheka. Aliifunika sufuria yake, akaenda kukaa nje.

Jioni nikampigia mama Chiriku, nikamwambia Jumamosi sitaweza, nimebanwa. Akaniuliza kama nina hakika. Nyuma yake nilimsikia mtoto akiuliza kama ni baba, ampe simu.

Nikakata upesi. Angeniuliza ninafanya nini Jumamosi, nami mdomo wangu naujua, ningemharibia furaha yake.