Kitunguu Saumu Kutoka Wayo Hadi Ulimi

Jumatatu, 3 Juni 1996

Kunyausha majani ya chai kiwandani basi! Sister Chepkemboi wa dispensari ya shamba anatafuta msaidizi. Anasema wachumaji wanajipaka dawa ya mikono ovyo, na hakuna anayejua inapenya ngozi kwa muda gani na inatoka mwilini lini. Atakayemletea jibu zuri Ijumaa ndiye atavaa koti jeupe. Tumejitokeza wawili. Mimi, Nyaberi, mwenye akili. Na Alfayo, karani wa kupima majani, mwenye mwandiko.

Mpango: mwili ni kiwanda. Dawa inaingia kama majani mabichi, inapita chumba hadi chumba, inatokea mlango wa nyuma. Nimesaga kitunguu saumu, nikajipaka kwenye nyayo, nikavaa gambuti. Dakika arobaini na tano, ladha mdomoni! Na sikuwa nimekula hata punje. Nimechora ramani. Kwa hesabu yangu ladha itaisha kesho saa kumi jioni.

Jumanne, 4 Juni

Saa kumi. Haijaisha. Mke wangu Phanice ameniambia nihamie kwa ng'ombe. Nimeongeza siku moja kwenye ramani, juu ya ile ya zamani.

Jumatano, 5 Juni

Imeisha! Mchana mvua, Alfayo akalalamika kuwa viatu vyake vinavuja. Nikamwazima gambuti zangu, baada ya kuzipaka kitunguu kipya ndani. Aende kwa Sister akinuka!

Dakika arobaini na tano baadaye nilikuwa nageuza majani. Ladha ikanijaa mdomoni. Mimi! Nimevaa viatu vya kanisa! Saa kumi na moja ladha ikakatika ghafla. Nimemuuliza Alfayo, kwa upole, alivua gambuti saa ngapi. Amesema saa kumi na moja. Nimeogopa, sitaficha.

Alhamisi, 6 Juni

Alfayo anatembea na gambuti zangu, mimi naonja. Leo imekuja na samadi. Nilipochungulia dirishani nikamwona anatoka zizini.

Ijumaa, 7 Juni

Sister amesoma ramani yangu, akauliza mbona Jumatano imeandikwa juu ya Jumanne. Nikasema kiwanda kilichelewa. Alfayo yeye aliandika mstari mmoja: amejipaka dawa siku nne, amejipima, na bado hajui inatoka lini. Sister akasema huyu angalau hatamdanganya mgonjwa. Kazi ikaenda hivyo. Nimeumia sana.

Alfayo amenishukuru kwa gambuti. Ameniomba msamaha pia, kwa sababu zilimshinda kwa harufu na amezitupa kwenye shimo la bandeji chafu, nyuma ya dispensari.

Jumamosi, 8 Juni

Chai ni bandeji. Uji ni bandeji. Nimesukutua kwa chumvi mara sita na mate yangu bado ni ya wodi.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi nimeenda kuzifukua. Nimepata ya kulia tu. Nimeiosha, na upande wa kulia wa mdomo ukatulia. Upande wa kushoto kuna umande. Kuna mtu anatembea kwenye nyasi na gambuti moja.

Nimemuuliza Onsongo, mlinzi. Amesema hajaona mtu yeyote shimoni, kisha akaniomba nisimuulize tena jambo hilo.

Phanice ameenda kanisani. Alitaka twende pamoja, nikasema nina kazi. Umande umekwisha. Yamekuja majani ya chai, machungu, mabichi. Sasa ni changarawe. Katika laini hii yote ya nyumba za wafanyakazi, changarawe iko mlangoni kwangu tu.

 Lakini nimekumbuka kuwa kazi ya Alfayo ni ya majaribio ya miezi mitatu, na Sister hajaona hesabu ya mguu mmoja mmoja. Nimeipaka gambuti ya kulia kitunguu kipya, nikaiweka nje ya mlango, kwa huyo mwenye ya kushoto. Nimechukua saa na karatasi safi. Safari hii hesabu itatoka.