Yah: Ombi la Kumwondoa Mwanangu Sabra Katika Msaada Wenu

Ruaruke,
Wilaya ya Kibiti,
Mkoa wa Pwani.

Kwa Mkurugenzi,
Kitengo cha Kuwainua Wanafunzi wa Maeneo Yenye Uwakilishi Mdogo,
Chuoni,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Assalaam aleykum. Kama wewe si wa salamu hiyo, basi habari za kazi na za nyumbani. Sisi huku hatujambo. Maji ya mto yamerudi yalikotoka na mpunga tumeanza kuuvuna.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mwanahawa Hemedy, mkulima, mama mzazi wa Sabra Mtoro, mwanafunzi wenu wa mwaka wa kwanza anayesomea takwimu. Ninaandika baada ya kushauriana kwa kina na mume wangu, ambaye alishauri nisiandike.

Kwanza nikushukuru. Sabra ndiye wa kwanza kutoka kitongoji chetu kufika chuo kikuu, na tuliposikia kwamba huko chuoni kuna ofisi nzima iliyowekwa kwa ajili ya watoto kama yeye, tulifurahi. Ambaben, mwenye duka la vitambaa pale Kibiti, alimpa mashuka mapya na kusema, "Nenda mwanangu, umeshapata wenyewe." Nasi tukalala usingizi mnono tukijua mtoto ana wenyewe. Sasa Mheshimiwa, mwaka wa masomo unakwisha, na naomba uniruhusu nieleze malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Fulana. Wiki ya kwanza, katika ukumbi uliojaa wanafunzi, mtu wenu alishika kipaza sauti akasema, "Wale wa kuinuliwa wabaki, wengine mnaweza kutoka." Mwanangu akabaki. Akapewa fulana ya njano yenye maandishi mgongoni: NAMI NAWEZA. Mheshimiwa, sisi hapa nyumbani hatukuwahi kuwa na habari kwamba Sabra hawezi. Alitoka hapa anaweza. Neno hilo "nami" ndilo limeniuma, kwa sababu mtu hasemi "nami" mpaka awepo mwenzake aliyetangulia kudhaniwa kuwa anaweza. Sabra aliivaa siku moja, mwenzake wa chumbani akamuuliza kwa upole kama ni mgonjwa.

2. Mlezi. Mlimpa kijana anayeitwa Haruni, wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Dar es Salaam, amwoneshe namna ya kuishi mjini na kusoma. Haruni ni kijana mwenye adabu, sina neno naye. Alimwonesha Sabra lifti na maktaba siku ileile, na kazi yake ikawa imekwisha. Baada ya hapo ikajulikana kwamba Haruni mwenyewe anarudia somo la takwimu la mwaka wa kwanza, amelibeba tangu alipoingia. Basi kila jioni mwanangu akawa anakaa naye kantini akimfundisha, mpaka somo likamwingia, akafaulu. Tulifurahi kwa ajili yake. Lakini katika taarifa yenu mmeandika kwamba Haruni amemwinua Sabra, naye Haruni akapewa cheti mbele ya watu. Sabra alipiga makofi. Mimi nilipoambiwa kwenye simu sikupiga.

3. Likizo ya masika. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa.

Mwezi wa nne chuo kilitoa likizo fupi na mabweni yakafungwa. Mwezi huohuo mto ulikuwa umeingia mashambani na barabara ya kuja kwetu imekatika. Nikamwambia Sabra asijaribu kuja, aende kwenye Kitengo, kwani ndiyo kazi yao. Akaenda. Akapokelewa vizuri, akakalishwa, akapewa maji ya kunywa. Akaeleza kwamba hana pa kulala. Afisa akamwambia Kitengo hakina fungu la malazi, ila kina fungu la ushauri nasaha. Kwa hiyo mwanangu akapewa ushauri nasaha kuhusu kukosa pa kulala. Akaulizwa, "Unajisikiaje?" Akajibu, "Najisikia nina begi." Akafundishwa kuvuta pumzi taratibu na kuitoa. Akaivuta, akaitoa, muda wa kazi ukafika mwisho, mlango ukafungwa, naye akawa nje na begi lake na pumzi zake.

Aliyemwokoa ni Ambaben. Sabra aliponipigia simu, nilivuka maji kwa miguu nikaenda dukani kwake nikiwa nimeloa, nikamweleza. Hakuniuliza swali hata moja. Alichukua simu akampigia dada yake anayekaa Upanga, wakasemezana kwa Kigujarati, kisha akaniambia, "Mtoto akachukuliwe wapi?" Sabra alikaa kule likizo nzima. Watu wale hawali nyama wala samaki, naye ni mtoto aliyelelewa kwa kambale na perege. Alivumilia dengu asubuhi na jioni, akarudi chuoni amenenepa. Sasa nauliza kwa unyenyekevu: Ambaben hana kitengo, hana kauli mbiu wala gari lenye nembo. Amewezaje?

4. Semina. Sabra amehudhuria Kujitambua, Kujiamini, Kuthubutu, na Kujitambua Sehemu ya Pili. Zote ni Jumamosi na zote ni lazima. Asiyekuja anaandikwa kuwa hana mwitikio. Mimi sikuwa na tatizo na semina mpaka ilipofika ile ya Matumizi Bora ya Muda.

Mwalimu wa takwimu alikuwa amehamishia testi siku hiyohiyo, asubuhi. Sabra na wenzake wa fulana za njano wanaosoma somo hilo wakamwendea mwendesha semina wakaomba ruhusa. Sabra akasema, "Tuna testi saa nne." Yule bwana akatabasamu, akasema, "Hiyo ndiyo hofu tuliyokuja kuitoa." Wakarudi kukaa. Semina ya kutunza muda ikachelewa kuanza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado yuko njiani. Alipofika akaomba radhi kwa kirefu. Walipotoka mbio, wenzao walikuwa wanarudi kutoka kwenye testi wakijadili majibu.

Jioni alinipigia simu. "Mama, nimepata sifuri."

Nikamuuliza, "Swali gani lilikushinda?"

"Sijaliona swali, mama. Sifuri ya kutokuwepo."

Kisha akanyamaza. Mheshimiwa, mimi namjua mwanangu. Sabra akilia kwa sauti hana neno kubwa. Akinyamaza ndiyo kuna jambo. Sifuri hiyo maana yake ni sapu, mtihani wa marudio, na sapu ikimshinda ni kudisko, yaani kurudi Ruaruke na begi. Kesho yake Kitengo kilimwita. Nikadhani mmeshalisikia. Kumbe alikuwa ameandikishwa kwenye semina ya wanaokosa testi.

5. Tathmini. Mwezi huu mkaleta watu wawili kijijini kutathmini mafanikio ya mpango, Bi Johari wa ofisini kwenu na Bwana Abdulrazaq, mtaalamu wa tathmini, mwenye kishikwambi. Tuliwakaribisha barazani, tukawapikia wali wa mpunga mpya. Bwana Abdulrazaq akamuuliza mume wangu, Mtoro, "Mzee, kwa kipimo cha moja mpaka tano, unajisikiaje kuhusu ujumuishwaji wa binti yako?"

Mtoro akaniangalia. Akauliza, "Ujumuishwaji unatibika?"

Akaeleweshwa. Alipoelewa akasema, "Basi andika mbili. Moja yangu, moja ya mama yake."

Ikaandikwa mbili. Mimi nikaulizwa kama nimeona mabadiliko yoyote kwa mtoto. Nikasema nimeyaona, siku hizi halali. Ikaandikwa: mabadiliko yapo. Nikaeleza habari ya testi, tangu mwanzo hadi mwisho. Bwana Abdulrazaq alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mama, hili tutaliweka kwenye Mengineyo." Akaanza kuandika. Kumbe Mengineyo ina nafasi ndogo, na herufi zikaisha kabla ya habari. Nilichungulia. Taarifa yenu sasa inasomeka hivi: "Mwanafunzi alikosa testi kwa sababu ya." Mheshimiwa, ukiipata taarifa hiyo mezani kwako, mwisho wake ni ninyi.

5 (a). Bi Johari. Huyu simlalamikii, ila sikujua nimweke wapi. Wakati mwenzake anapiga picha jamvi letu, alikuja jikoni akachutama karibu nami akaanza kuchambua mchicha bila kuombwa. Akaniambia yeye ni wa Mkongo, jirani zetu wa Rufiji, na alisoma bila kitengo chochote, akilala likizo kwenye madarasa. "Kila mwaka naandika kwamba bweni moja liachwe wazi masika," akasema. "Kila mwaka wananisifu, kisha wanaliweka kwenye kiambatisho."

Nikamuuliza, "Na wanafunzi wenyewe wanasema wanataka nini?"

Aliacha mchicha. Akasema, "Tunawauliza wameridhika kiasi gani. Wanataka nini, hatujawauliza." Kisha akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kufurahi, nami nikampa kikombe cha chai.

Kutokana na hayo yote, Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba yafuatayo:

Kwanza, Sabra aondolewe katika msaada wenu mara moja, awe mwanafunzi wa kawaida asiyesaidiwa na mtu, ili apate nafasi ya kusoma.

Pili, ikiwa sheria hairuhusu mtu kuacha kuinuliwa kabla hajafika juu, basi semina zote ziletwe Ruaruke wakati wa masika. Mgeni rasmi aje kwa miguu kutoka pale barabara inapokatika. Nina hakika suala la muda litaeleweka.

Tatu, wewe mwenyewe upewe mlezi. Kwa hesabu niliyoifanya, katika kijiji chetu hakuna mkurugenzi hata mmoja, kwa hiyo ninyi huku ndio wenye uwakilishi mdogo, na ni haki yenu kusaidiwa. Mume wangu yuko tayari kukulea. Atakuonesha kisima na msikiti siku ileile, na kazi yake itakuwa imekwisha. Fulana tutashona.

Nne, na hili nimelifikiria sana, Kitengo kifungwe kabisa. Vyumba vyake viwekwe vitanda. Meza za semina ziunganishwe mbilimbili, godoro juu. Bi Johari abaki na funguo. Hapo mtakuwa mmewasaidia watoto wa delta ya Rufiji kuliko mlivyowahi kuwasaidia, na kauli mbiu haitahitajika.

Nisikuchoshe. Nisalimie wote ofisini, dereva wenu aliyelisukuma gari kwenye tope na viatu vyake vizuri, Bwana Abdulrazaq na kishikwambi chake, na Haruni, mwambie asiache kusoma. Mtoro anakusalimu ingawa hajui kama nimeandika. Ambaben naye anakusalimu, nimemweleza kila kitu.

Wako mwenye heshima, masikitiko na mpunga wa kuvuna,

Mwanahawa Hemedy
Mama Sabra

Nyongeza: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha Sabra alipopiga simu. Amefanya testi! Yeye na wenzake wote wa Jumamosi ile walikwenda kwa mwalimu wa takwimu kwa pamoja, wakasimama mlangoni kwake wakiwa kundi zima, mmoja wa Kilwa, mmoja wa Mafia, wengine wa huko bara kwa wafugaji, na hawakuondoka. Mwalimu akasema akija mmoja humfukuza, lakini hawa hawezi, akawapangia siku yao. Sabra amepata alama ya juu. Nikamuuliza, "Hao wenzako umewajulia wapi?" Akasema, "Kwenye semina, mama. Tunakaa nyuma tunawacheka. Bila Kitengo nisingemjua hata mmoja." Nikamwambia nimeomba kifungwe. Akapiga ukelele mpaka Mtoro akausikia kutoka shambani, na sasa anajua nimeandika.

Kwa hiyo naomba maombi yangu, la kwanza mpaka la nne, uyachukulie kama mazungumzo tu. Ila bweni liacheni wazi. Tena mdogo wake, Zamda, amemaliza kidato cha sita na jina lake mtaliona karibuni, naye anataka sana kuinuliwa. Tafadhali barua hii usiifungue mpaka awe ameshachaguliwa.