Namna ya Kutokitamani Chama cha Kidada

Jumatatu, 9 Septemba
Swali la mwaka limetatuliwa. Nijiunge na chama cha kidada, ule umoja wa wasichana wa chuo wanaoitana dada, sasa, nikiwa mwaka wa pili, au nisubiri hadi kemia iishe? Nimelipima pande zote. Jibu: sasa. Kemia itajisoma. Ugumu ni mmoja tu: hapa chuoni, anayekitaka chama hapaswi kuonyesha kwamba anakitaka. Wanaojipendekeza hukataliwa. Odessa Pettway, mwenzangu wa maabara, naye anakitaka, na huficha vizuri mno. Nitaficha kumshinda.

Jumatano, 11 Septemba
Bwaloni nimepita mbele ya meza ya madada bila kuwasalimu. Kiongozi wao, Dada Renatta, akaniita watu wakisikia: "We mtoto, shingo inauma? Au kwenu Macon salamu zinauzwa?" Nikajibu kwamba sikuwaona. Meza nzima, majaketi ya rangi za zambarau na machungwa! Odessa aliwaamkia kwa adabu, akapewa kiti. Hila tupu.

Jumamosi, 14 Septemba
Nimeacha marudio ya kemia, nikaenda kanisani kugawa chakula, mahali ambapo madada hujitolea. Kwa bahati tu, bila shaka. Mvua. Nikavaa sweta langu la zambarau. Nywele zilikuwa zimesukwa nusu, hivyo Tamsin, ninayeishi naye chumbani, akaniazima kilemba cha rangi ya machungwa. Kila kimoja peke yake hakina hatia. Pamoja ni rangi za chama, na asiye mwanachama hazivai kamwe! Ukumbi mzima ukanigeukia. Odessa akaniuliza, kwa upole wa kuchukiza, kama nimeshajipokea chamani mwenyewe. Nikavua vyote viwili, nikafunga viazi vitamu vya watu kwa baridi ile, nywele za nusu ya kichwa zimesimama wima. Ingetosha kuvua kimoja. Hilo nimeling'amua nilipofika chumbani.

Jumanne, 17 Septemba
Matokeo ya jaribio la kemia. Siyaandiki. Dada Renatta alinikuta nimeketi ngazini, akaichukua karatasi, akaguna. Akasema kila mtu anajua ninakitaka chama, hata wapishi. Na kwamba alama hizi hazimwingizi mtu hata kwenye kwaya. "Mdogo wangu, chama hakihami. Pita kemia kwanza, mwakani uje." Nilikuwa karibu kulia. Ndipo akajitolea kunifundisha mwenyewe, maktabani, kila Alhamisi. Mimi! Si Odessa!

Ijumaa, 20 Septemba
Somo la kwanza lilikuwa jana. Renatta ni mwalimu hodari. Nimeielewa sura nzima, tumecheka hadi mkutubi akatukaripia, na amenimegea keki yake. Amesema nikiendelea hivi, kemia itanyooka kabla ya Krismasi na hatutahitaji kukutana tena. Mwakani nitaomba nafasi kama wengine.

Kama wengine! Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Mpango wake una kasoro moja: nikielewa upesi, masomo yatakwisha. Kwa hiyo Alhamisi ijayo sitaelewa chochote.