Sharti la Mgongo Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshinda! Chemshabongo ya gazetini, ile ya majirani watano na milango ya rangi tano, nimeimaliza kabla chai haijapoa. Yaani, kompyuta ya dukani, ninakofanya kazi ya kutoa nakala, imeimaliza. Mimi niliilisha masharti tu, ikanitemea jawabu. Asante sana shemeji, mke wa kaka yangu, mwalimu wa kompyuta, kwa kuniwekea programu hii bure. Jioni nikaliacha gazeti barazani, wazi, wapangaji wenzangu walione. Kinyozi wa chumba cha pili anahangaika na fumbo hilohilo tangu juzi kwa penseli na kifutio. Nikamwambia mimi natumia kichwa tu. Akaniita Profesa, kwa kejeli. Jina nimelipokea. Linanikaa vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Nimejipalia makaa. Habari za Profesa zimemfikia Mama Mwenye Nyumba. Akanisimamisha mlangoni, taulo langu begani. Akasema nyumba nzima inagombana kila asubuhi kwa ajili ya bafu moja, na anayekaa humo akiimba hadi tangi la maji ya moto linakwisha ni mimi. Basi nikitumie hicho kichwa. Jumamosi niwe na zamu ya kuoga ambayo kila mtu ameikubali, la sivyo chumba changu anampa mpwa wake. Nikasema sawa, mama. Nakipenda chumba hiki! Dirisha linatazama ukuta, lakini ni ukuta wangu.

Hata hivyo nashukuru. Angeweza kunifukuza leo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita mlango kwa mlango kukusanya masharti. Tangi linatosha watu wawili. Wa tatu anapata uvuguvugu, wanaofuata wanajijua. Muuguzi anawahi hospitali: lazima awe wa kwanza au wa pili. Mwokaji mikate anarudi alfajiri na unga hadi kwenye nyusi: naye wa kwanza au wa pili, apate kulala. Kinyozi hataki kumfuata Mwokaji, kwa sababu unga ukilowa anakanyaga gundi. Mama Mwenye Nyumba yuko radhi na maji yoyote, ila hamfuati Kinyozi. Nywele.

Sharti langu: wa kwanza au wa pili, amri ya daktari, mgongo. Nimewaeleza wote huku nimejishika kiuno. Muuguzi akanipa pole ya kweli. Roho nzuri sana yule dada!

Shemeji akanishauri kwa simu: humo kwenye programu, pembeni mwa kila sharti, niandike sababu yake halisi, nisije kusahau nililiweka kwa nini. Nimemtii neno kwa neno.

Alhamisi, 6 Machi

HAKUNA JAWABU. Ndivyo inavyosema. Watu watano tu, bafu moja, hakuna jawabu! Nimeizima, nimeiwasha. Nimepangusa kioo. Nikahisi inakosa maelezo, nikaiongezea kwamba mimi ni mpangaji wa siku nyingi na kwamba Kinyozi ana dharau. Hakuna jawabu.

Kinyozi akaniuliza barazani kama kichwa kimegoma. Eti hata yeye kwa penseli anaona tatizo liko wapi: nafasi mbili, watu watatu wanaozing'ang'ania. Wivu huo! Penseli inajua nini?

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji, Mungu akuzidishie! Kumbe kuna kitufe. Ukikibonyeza, programu yenyewe inatafuta sharti la kuondoa, kisha inapanga zamu kwa yale yaliyobaki. Nikabonyeza dukani. Wateja wamejaa, mmoja anapiga kaunta akidai nakala za cheti chake. Mashine ikajaza ukurasa mzima. Zamu imepatikana! Kusoma nitasoma saa ngapi? Nikachapa nakala, nikapitisha moja chini ya kila mlango. Ya Kinyozi nikaipamba kwa maneno: Kutoka kichwani mwa Profesa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeumbuka. Kikao kilikaa barazani. Kinyozi akaomba asome kwa sauti, wakamruhusu. Akasoma kwamba sharti la kuondoa ni la Profesa. Kisha akasoma sababu iliyo pembeni, niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe mtiifu: mgongo hauumi hata kidogo, ila maji ya moto ni matamu, na Muuguzi ana huruma, ataamini.

Mwokaji akacheka hadi akakaa sakafuni. Kinyozi akasema njia ya mwongo ni fupi, na hii imeishia bafuni. Mimi akilini nilikuwa nimeshafunga mizigo. Mama Mwenye Nyumba akaichukua karatasi, akasoma chini: Muuguzi, Mwokaji, yeye, Kinyozi, mimi. Akauliza nani anapinga. Hakuna. Akanigeukia. Nikasema nakubali kabla hajafungua mdomo. Akasema basi, alitaka zamu iliyokubaliwa na wote na ameipata. Chumba ni changu. Muuguzi akasema tu siku nyingine nimwombe, atanipisha.

Nililia kidogo. Niliwaambia ni vumbi.

Jumapili, 9 Machi

Wa mwisho. Barafu! Nikajikaza kisabuni, nikajimwagia kopo la kwanza, nikaruka, nikateleza kwenye povu, na mgongo ukalia kwaa. Safari hii kweli! Nikapiga yowe. Nikamsikia Mwokaji akisema Profesa ameanza tena. Nikaapa kwa kila ninachokijua.

Aliyesukuma mlango ni Kinyozi. Akanitazama, akaona si mchezo, akanifunga taulo, akanibeba mgongoni hadi kitandani akinisema njia nzima. Muuguzi, ambaye leo hakuwa na zamu hospitalini, akanikanda. Mwokaji akaniletea mkate wa moto na kuniomba radhi. Mama Mwenye Nyumba akaleta beseni la maji aliyoyachemsha mwenyewe, akaniita mwanangu.

Wanasema asante ya punda ni mateke. Punda ni mimi, wiki nzima nimewapiga mateke, na bado wamekuja. Sijui nimewafanyia nini chema watu hawa. Namshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, hata Kinyozi. Naapa sitadanganya tena katika nyumba hii.

Jumatano, 12 Machi

Mgongo umepona tangu jana. Kabisa. Sijamwambia mtu.

Ningewaambiaje? Maji ya moto yananijia chumbani kila asubuhi. Kinyozi anabisha hodi kuniuliza hali. Kuukataa wema kama huu ni utovu wa shukrani! Nachechemea hadi kwenye kona, halafu natembea kama kawaida hadi dukani.

Ila wameanza kubishana nani anichemshie siku gani, kila mmoja anataka kusaidia. Mama Mwenye Nyumba akaniomba nipange zamu, kwa kuwa mashine ninayo. Kwa moyo mkunjufu! Sharti la kwanza: mgonjwa apelekewe maji ya moto hadi mwisho wa mwezi. Pembeni nimeandika sababu yake halisi, kama shemeji alivyonifundisha. Safari hii jawabu limekuja papo hapo, ukurasa mzima.

Nakala zinatoka sasa hivi. Ningezisoma, lakini kuna mteja anapiga kaunta.