Uso wa Dada Yangu Uliokataliwa Dirisha Namba Mbili

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kadi za Matibabu ya Wazee.

Mheshimiwa kwa cheo, mwanangu kwa umri,

Salamu zitangulie. Mimi ni mpiga picha wa ile studio ya mlango wa buluu inayotazamana na ofisi yako. Watu huniita Mzee Tulia, kwa kuwa hilo ndilo neno ninalowaambia wateja tangu baba yako hajaota ndevu. Katika miaka yangu yote ya kazi, hakuna ofisi iliyowahi kukataa picha yangu hata moja.

Hapo nimedanganya. Ofisi yako imekataa kumi na tisa tangu mvua zianze, na tatu kati ya hizo ni za mtu mmoja, dada yangu mkubwa aliyenilea. Nilitaka tu barua ianze vizuri.

Shida yenyewe ni hii. Dada ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi chai anaimimina mezani, kisha anakukaribisha kikombe kitupu. Daktari bingwa wa macho yuko hospitali yetu mpaka Ijumaa ijayo, halafu anaondoka, na kurudi kwake ni mwakani, Mungu akipenda. Bila kadi yako dada hapasuliwi. Bila picha hakuna kadi. Na picha zangu, kwa maneno ya karani wako wa dirisha namba mbili, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Rudi Kesho, hazifai kwa sababu ya lenzi. Basi naandika kuitetea lenzi. Nikishaitetea mtampa dada kadi, na mambo yataisha kiungwana.

Kabla ya kuhesabu malalamiko, nikujulishe na mshitakiwa. Kamera yangu si hizi za kubonyeza tu kama kengele ya mlango. Ni ya zamani, ya chuma, nzito; ukimtupia mwizi hataamka kuuliza jina lako. Unachungulia kwenye kidirisha kidogo kilicho pembeni, na humo unamwona mteja mara mbili, mmoja yeye mwenyewe na mwingine kama mzuka wake umesimama kando. Unazungusha pete ya lenzi kwa kidole, pole pole, mpaka mzuka umwingie mwenyewe. Wakishakuwa mmoja, bonyeza. Kuna wanandoa niliowapiga kwa namna hiyo, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yao pekee ya kuwa kitu kimoja. Lenzi yenyewe ni kongwe, ukiiinamisha kioo chake kinatoa rangi ya zambarau, na ina tabia zake kama mzee yeyote. Waheshimuni wazee. Si ndiyo kazi mliyoiandika mlangoni?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha ya kwanza Bi Rudi Kesho aliishika kwa ncha za vidole, akasema, "Mzee, hii ina moshi. Mlikuwa mnapikia studioni?" Foleni nzima ikacheka, hata waliokuja kwa maumivu ya mbavu. Ule si moshi. Nikilifungua lote tundu la kuingizia mwanga, lenzi yangu huuzungushia uso weupe laini, kama pazia jepesi linapopigwa na jua. Makunyanzi hayafutwi, yanatunziwa siri. Nimewapiga watu wa mtaa huu miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kurudi kudai makunyanzi yake niliyobaki nayo.

2. Picha ya pili ilichelewa kwa kosa dogo la kiufundi, nami sifichi kitu. Kwa kuwa kamera hii ina kidirisha chake cha kuchungulia, huoni kupitia lenzi. Unaweza kumwona mtu vizuri, ukamlenga vizuri, ukamwambia tulia, ukabonyeza, na muda wote huo kifuniko cha lenzi kipo mahali pake. Nilimpiga dada picha kumi na mbili za aina hiyo. Zote zilitoka nyeusi tii. Nilifikiria sana kuzileta, maana hapo hata Bi Rudi Kesho asingepata pa kuanzia kusema hazifanani.

Nilipoleta iliyotoka, akasema masikio hayaonekani. Ni kweli lenzi yangu ni kali katikati tu, na kingo huzunguka kama maji ya beseni uliyoyakoroga. Pua ya dada ilionekana kila kitundu. Masikio yalikuwa matembezini. Lakini niulize: anayeumwa ni nani? Ni jicho. Jicho limekaa wapi? Katikati. Mtu akija kutibiwa goti, mnamdai kisigino? Nilimweleza karani haya yote kwa adabu. Akanijibu, "Mzee, masikio." Halafu akaniambia neno lile lililompa jina.

3. Picha ya tatu nilijitahidi. Nilimketisha dada karibu na dirisha, nikarudi nyuma hatua mbili ili masikio yasogee katikati, nikamlenga mpaka mzuka ukatulia. Bi Rudi Kesho akaitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu ni binti yako, bibi? Mwenye kadi aje mwenyewe."

Mheshimiwa, mwenye kadi alikuwa amesimama mbele yake, kashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, anapumua. Karani wako aliitazama karatasi, hakumtazama mtu. Halafu eti mwenye ukungu ni lenzi.

Hasara haikuishia hapo. Dada, badala ya kukasirika, alifurahi. Alirudi nyumbani kidevu juu, akajikwaa kizingitini na bado anacheka. Tangu siku hiyo amegoma kupigwa nyingine. "Mdogo wangu, peleka hiyo hiyo. Serikali yenyewe imesema mimi binti." Nikamkumbusha kwamba yeye picha yenyewe haioni. Akaniuliza, "Kwani wewe unaiona?" Zote tatu nimemsogezea puani, naye ameapa kwamba ndivyo alivyo, hazitofautiani hata kidogo na anachokiona kwenye kioo kila asubuhi. Huo ni ushahidi wa mwenye uso. Sijui mnataka wa nani tena.

4. Bi Rudi Kesho ameshauri tutumie kile kikamera cha kompyuta mlichokibandika ukutani. Kazi yake nimeiona. Mlinzi wako wa lango ni mpole, anawaachia wajawazito kiti chake. Kwenye kitambulisho anaonekana alikamatwa jana na leo amekiri. Wewe mwenyewe, katika picha iliyo juu ya meza ya mapokezi, unaonekana umeulizwa swali gumu na unasubiri aliye nyuma yako akunong'oneze jibu. Kikamera hicho hakimwambii mtu tulia, hakimngoji ameze mate, hakimuulizi habari za nyumbani. Kinamvizia. Sasa mzee ambaye mmemsimamisha tangu alfajiri, akiviziwa, mnategemea atoke na sura gani? Atatoka na sura ya foleni yenu. Hiyo ndiyo mnayoiita inafanana.

5. Hili lilihusu pua ya karani. Nilikuwa namsomea dada barua kwa sauti, akaniambia, "We, futa hilo, mtoto wa watu ana mama yake." Nimelifuta, ila nambari nimeiacha mjue lilikuwepo.

6. Sasa tufuate hesabu zenu wenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini kutoa nilifundishwa. Kama anayeonekana kijana pichani ni kijana, basi dada si mzee. Wala si wazee wale kumi na sita wengine mliowarudisha. Nikiendelea kupiga kwa kasi hii, mwisho wa mwezi mtaa huu hautakuwa na mzee hata mmoja, isipokuwa mimi, nisiyeweza kujichungulia mwenyewe. Na ofisi ya wazee isiyo na wazee ni banda la kuku lisilo na kuku: kinachobaki ni harufu na mlinzi. Kwa hiyo naomba ofisi yako ifungwe na funguo nikabidhiwe mimi. Kile chumba chenu cha mafaili hakina dirisha wala hakiingii mtu kutafuta chochote, kitanifaa mno kusafishia filamu. Bi Rudi Kesho nitambakiza mapokezi. Picha zangu huchukua siku tatu, na sijaona mtu mwenye kipaji kama chake cha kuwazoesha watu kungoja.

Ukiona ombi hilo ni zito, nina jepesi. Dirisha namba mbili muweke karani mwenye mtoto wa jicho. Ataona kama dada anavyoona, na kama lenzi inavyoona. Watakuwa watatu dhidi ya mmoja, na kadi itatoka siku hiyo hiyo.

Nakutakia kazi njema na kiti kisichoyumba. Nisalimie mlinzi wa lango, mama wa chai, na yule fundi wa kompyuta ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni kuizima na kuiwasha. Isalimie foleni yote, aliye mbele mpaka aliyeshikiwa nafasi. Bi Rudi Kesho msalimie pia, umwambie tutaonana siku anayoijua.

Wako mtiifu, pale inapobidi,
Mzee Tulia,
Studio ya mlango wa buluu.

Tanbihi. Bahasha nilikwisha kuilamba, nikaona bora nikuletee na lenzi yenyewe uitazame kwa macho yako. Nikaifungua lenzi niifute vumbi. Mle ndani vioo vimepangwa kama sahani kabatini, na kila kimoja kina tumbo na mgongo. Cha katikati kilikuwa kimegeuzwa. Aliyekigeuza ni mimi. Miaka kumi na moja iliyopita niliingia humo kusafisha ukungu, nikakirudisha kama mtu aliyevaa fulana nje ndani, kisha nikatoka kuwatangazia watu kwamba lenzi ina tabia. Lenzi haina tabia yoyote. Mwenye tabia ni mimi.

Nimekigeuza kikae sawa. Leo asubuhi nikamwambia dada akae dirishani najaribu filamu, nikampiga. Picha ilipojitokeza kwenye dawa nilitafuta pa kukaa. Masikio yapo, yote mawili. Makunyanzi yapo, na kati ya hayo ninayoyafahamu ni machache; mengine yaliingia katika miaka hiyo kumi na moja, mimi nikiwa nachungulia kidirishani na kumwambia tulia. Bi Rudi Kesho alikuwa sahihi mara zote tatu. Tafadhali usimwambie, hatutamweza. Malalamiko yote sita yapuuze, pamoja na lile nililolifuta. Picha hii hapa, nimeibana kwa pini. Naomba kadi itoke kabla ya Ijumaa.

Limebaki jambo moja dogo. Dada ameniuliza ametokaje, nami nimemjibu, "Vile vile, dada." Daktari akishamfungua bandeji, kitu cha kwanza atakachodai kukiona ni hiyo kadi, namjua. Sasa wewe siku ulipokuja studioni kupiga picha ya kuombea kazi hii, hukuwa na koti. Nilikuvalisha lile langu la msumarini, nikalibana mgongoni kwa pini sita lisikupwaye, na mpaka leo mtaa mzima unaamini lilikuwa lako. Sijakudai kitu. Ila muhuri wako utakapougonga kwenye picha, usiugonge pembeni kama ilivyo kawaida yenu. Uchovye wino wa kutosha, uangukie shavuni, na mkono ukikuteleza kidogo kuelekea kidevuni, wala usijali.