Feni Inayojiwasha Yenyewe

Jumatatu, 26 Januari 2026

Lori limechemka tena. Mara hii Mwembe Tayari, mbele kabisa ya duka la spea la Kashif, kana kwamba limechagua. Mvuke hadi juu. Nyuma nimebeba kabati la watu. Kashif akatoka na kikombe mkononi akaniuliza, Ghulam bhai, chai yako bado? Watu wakacheka. Nikacheka nao, ili ionekane tumepanga.

Tangu mke wangu Sabira afariki, Novemba, lori halina raha. Miaka kumi na moja halikuchemka hata siku moja. Nimemwambia dada yake, Mahira, kwamba gari nalo lina huzuni. Mahira ana nusu ya lori hili, na sauti zaidi ya nusu. Akasema huzuni anaijua, haitoi mvuke. Jumamosi tunapeleka viti na sufuria za harusi ya binti yake, Aliza, huko Ganjoni. Nikimwaibisha mbele ya wakwe, anamwuzia Kashif lori, alikatekate auze vipande.

Kiti cha Sabira kina mto alioushona mwenyewe. Kashif atauza hata mto.

Jumanne, 27 Januari

Kahindi, fundi wa umeme wa magari, amelichungulia. Akauliza feni ya rejeta huwa naiwasha wakati gani. Nikamwambia feni yangu hujiwasha yenyewe, Mji wa Kale wote wanajua. Mimi ndiye niliyewaambia. Akainama upande wa abiria akanionyesha. Swichi ndogo chini ya dashibodi, imetiwa alama ya rangi ya kucha, nyekundu.

Kila tulipokwama kwenye foleni Sabira aliinama, akisema anafunga kiatu. Nikamtania miaka yote hiyo kwa viatu vyake.

Kahindi anasema niiwashe mwenyewe mshale wa joto ukipanda. Haiwezekani, macho yangu ni mawili na yote yana kazi barabarani. Au ninunue swichi ya joto: inafungwa kwenye rejeta, inawasha feni maji yakipata moto na kuizima yakipoa. Zinapatikana kwa Kashif. Basi tena. Nikiinunua atajua kwamba sikuwa nayo.

Nimeiwasha feni nikaiacha iwake. Kwani nani kasema lazima izimwe?

Jumatano, 28 Januari

Betri imekufa. Feni ilizunguka usiku kucha. Waliotoka kuswali alfajiri wamenisukuma hadi kwenye kona. Mzee mmoja akaomba dua. Sikujua ananiombea mimi au lori.

Alhamisi, 29 Januari

Nimepata! Nilikuwa nyuma ya mkokoteni wa maji, siendi mbele wala nyuma, nikawaza. Lori hupata moto lini? Linapokwenda polepole. Na linapokwenda polepole mguu wangu uko wapi? Kwenye breki. Basi feni ifungwe kwenye waya wa taa za breki. Nikikanyaga, inazunguka. Nikiachia, inalala.

Kahindi alikataa kuifunga. Akasema, mzee, breki haijui joto. Nimeifunga mwenyewe kwa utepe wa kaseti mbili zilizokuwa kwenye droo ya Sabira.

Nimezunguka vichochoro vyote vya Mji wa Kale. Mshale haukusogea. Nimemweleza muuza kahawa, na wateja wake wawili ambao hawakuuliza.

Jumamosi, 31 Januari

Nimefika Ganjoni salama na viti vyote. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Injini siwezi kuizima, kwa sababu betri tangu Jumatano ni mgonjwa, na bado kuna safari ya sufuria. Na injini ikiunguruma, feni inataka mguu wangu kwenye breki. Kwa hiyo sikushuka.

Vijana wakapakua viti. Wazee wa upande wa bwana harusi wakaja kunipokea. Nikawapa mkono kupitia dirishani. Wakasema karibu ndani. Nikasema nimekaribia. Mama wa bwana harusi, Areeba, akaniletea sharubati. Nikanywa nikiwa nimeshika usukani.

Nikaona wananong'ona. Kumbe wameamua nimenuna, kwamba sikualikwa kwa heshima ninayostahili. Wakarudi wazee watatu kuniomba radhi. Sijawahi kuombwa radhi na watu wengi kiasi hicho. Niliwasamehe, lakini sikushuka, wakazidi kuamini.

Mwishowe akaja Mahira. Akasema akiwa ameuma meno, shemeji, teremka. Nikateremka.

Mshale haukumsubiri mtu. Mvuke ulipopanda, kina mama walioketi nyuma ya kitambaa wakaanza kunawa mikono, wakidhani biriani imefunuliwa. Sufuria zililetwa na tuk-tuk tatu.

Jumapili, 1 Februari

Mahira amekuja. Nilikuwa nimeshautoa ule mto na kuuweka mapajani.

Akasema wakwe zake wanamwuliza ana shemeji wa aina gani. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta machozi kwa mtandio. Akasema Sabira alimwambia habari za viatu zamani sana. Alisema, mwache aamini inajiwasha, anafurahi.

Kisha akanipa swichi ya joto. Amekwenda mwenyewe kwa Kashif kuinunua. Jumanne nirudishe viti kutoka Ganjoni. Lori likichemka, lauzwa siku hiyo hiyo, pamoja na mto wake.

Jumatatu, 2 Februari

Kahindi ameifunga. Nimekwenda hadi Mbaraki na kurudi kwenye jua la saa saba. Mshale ulipanda, feni ikajiwasha, mshale ukashuka, ikazima. Sikugusa kitu. Nilitazama kiti cha pembeni, nikakiambia umeona?

Nilipofika nyumbani nikazima injini. Feni ikaendelea kuzunguka, lori zima limenyamaza. Sabira naye alikuwa hivyo, wageni wameondoka yeye bado anapanguza meza. Nilisubiri, kwa heshima. Haikukoma. Kahindi alisema jambo fulani kuhusu hilo alipokuwa akifunga, lakini nilikuwa namweleza muuza kahawa.

Betri sitaki ife tena. Nimechukua koleo nikakata waya mmoja wa ile swichi ya joto, mdogo tu. Ikatulia papo hapo. Hakuna haja ya kumsumbua Kahindi.

Kesho napakia viti saa sita. Nitarudi kwa njia ya Mwembe Tayari, japo ni kuzunguka, na mbele ya duka la Kashif nitapita polepole, aone vizuri.